Saratani ya Watoto: Usifiche Chupa ya Majani

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja mstaafu mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za kando ya ziwa. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tukipunguza kidogo tu.)

Mwenyekiti amenipa saa moja, na baada yangu anakuja bwana wa kuku wa kienyeji, ambaye najua ndiye mliyekuja kumsikiliza. Kwa hivyo nitaenda moja kwa moja.

Niliombwa nizungumze juu ya saratani ya watoto, ile wengi wetu tunaita kansa. Tena nikaambiwa nisiseme ya hospitali peke yake, bali niseme pia juu ya majani, mafuta, maombi, kukanda, vyakula, na vitu vyote ambavyo sisi wenyewe humpa mtoto wakati anaendelea na matibabu. Nilifurahi, kwa sababu hilo ni jambo ambalo halisemwi. Hospitalini wanazungumza dripu tu. Nyumbani wanazungumza majani tu. Mtoto yuko katikati, na mama yake anabeba siri akienda na siri akirudi.

Kwanza tukubaliane kwamba saratani hushika hata watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata ugonjwa huu. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kwa kila 100 wawe wanapona kila mahali. Sasa mtu atauliza, kwa nini wa kwetu hawaponi? Damu yetu ni nyingine? La. Wanachelewa kufika. Wakifika, wengine wanatibiwa ugonjwa ambao si wao. Mara nyingine dawa hazipo. Na wengi wakishaanza matibabu, wanayaacha katikati. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka tuishike leo, kwa sababu hiyo iko mikononi mwetu hapa kijijini.

Huku kwetu kando ya ziwa tuna uvimbe mmoja ambao wazee wanaujua hata kama hawajui jina lake. Taya la mtoto linavimba, jino linalegea, uso unakwenda upande. Wakati mwingine jicho linasukumwa nje, au tumbo ndilo linalojaa. Unaitwa uvimbe wa Burkitt. Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mtu wa Ireland, aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, akashangaa, akaanza kutafuta wengine. Mwaka 1958 akaandika habari zake, na mwaka 1961 akasafiri na madaktari wenzake wawili kwa gari kuukuu maelfu ya kilomita, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza kila hospitali: mnaona ugonjwa huu? Ndipo ikajulikana kwamba unafuata nchi za joto na mvua, mahali pa malaria. Kwa hiyo Kenya tunauona sana Nyanza, Magharibi na Pwani, lakini huko juu kwenye baridi ni nadra. Baadaye ikajulikana kwamba kuna virusi ndani yake, vile ambavyo karibu kila mmoja wetu amewahi kuvipata utotoni bila kujua, na kwamba malaria ya mara kwa mara inavisaidia. Nasema hivyo ili mjue kwamba mtoto huyo hakurogwa, na shemeji yako hana hatia.

Uvimbe huu una tabia mbili. Ya kwanza ni mbaya: unakimbia. Ndio uvimbe unaokua haraka kuliko karibu uvimbe wote, unaweza kuwa mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo wiki tatu za kujaribu-jaribu nyumbani si wiki tatu kama za vidonda vingine. Tabia ya pili ni nzuri: ukipewa dawa zake unayeyuka haraka vilevile. Na hapo ndipo mtego ulipo. Nitawaeleza kwa kisa, na kisa chenyewe kina kosa langu ndani.

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa muuguzi kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa mtoto wa kiume, miaka 6, na nyanya yake. Taya limevimba upande wa kushoto. Walikuwa wameng'oa meno mawili, kisha wakamfunga majani ya kuponda kwa wiki tatu. Daktari akapima, akaanza dripu. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na baada ya wiki moja mtoto alikuwa anakula uji mwenyewe na kucheka. Wodi nzima ilifurahi.

Sasa, asubuhi moja natandika kitanda, nikakuta chupa chini ya mto. Chupa ya soda, ndani yake maji ya majani, rangi ya kahawia. Nikauliza kwa sauti, hii ni nini? Nyanya akanyamaza. Nikamgombeza mbele ya kina mama wote. Nikamwambia anamuua mtoto, nikaenda nikaimwaga chupa kwenye sinki huku ananiangalia. Nilidhani nimefanya kazi yangu vizuri. Kumbe yule mama mzee alikuwa na umri wa mama yangu mzazi, na mimi nilikuwa nimemvua nguo hadharani.

Kesho yake kitanda kilikuwa kitupu. Walitoka usiku. Na ukifikiria kwa akili ya nyanya, alikuwa na sababu. Mtoto alikuwa mgonjwa, akampa majani, uvimbe ukaenda. Nani angemwambia kwamba ni dripu iliyofanya, na kwamba uvimbe ukishuka bado mbegu zake zimebaki ndani na zinahitaji dripu nyingine na nyingine, kila baada ya wiki 2 au 3, mara kadhaa? Mimi ndiye ningemwambia, lakini nilikuwa na kazi ya kumgombeza. Walirudi baada ya miezi miwili. Safari hii lilikuwa tumbo. Hatukuweza tena. Mtoto alifariki siku ya tisa.

Sijawahi kujua ni majani gani yalikuwa ndani ya ile chupa. Sikuuliza. Labda yalikuwa mabaya, labda hayakuwa na neno lolote. Ninachojua ni kwamba si chupa iliyomuua yule mtoto, bali ni kuondoka. Na aliyewaondoa ni mimi.

Basi tangu siku hiyo, mama akija na chupa, namwambia, karibu, iweke hapa mezani tuiangalie pamoja. Hilo ndilo jambo langu la leo. Mengine yote ni maelezo yake.

Kuna watu husema, sista, dawa ya hospitali ni ya wazungu, ya kwetu ni ya miti. Hebu niwaambie. Mnalijua lile ua dogo la waridi au jeupe, lina petali tano, linapandwa kwenye nyua za shule na za makanisa, halijali ukame? Asili yake ni Madagaska. Katika miaka ya 1950 watafiti huko Marekani na Kanada walilichunguza kwa sababu watu wa sehemu mbalimbali walikuwa wakinywa majani yake kama dawa ya kisukari. Kisukari hawakukipata, lakini waliona linapunguza chembe nyeupe za damu. Kutoka hapo ikapatikana vinkristini, ambayo mpaka leo ni moja kati ya dawa kubwa za saratani ya watoto, pamoja na huu uvimbe wa Burkitt. Kwa hivyo mtoto aliye kwenye dripu ametiwa dawa ya mti.

Sasa mtu asikimbie kwenda kuchemsha lile ua! Tafadhali. Ua lenyewe ni sumu. Zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja tu ya hiyo dawa, na mtoto kwa siku moja hapewi zaidi ya miligramu 2, yaani sehemu ndogo sana ya ile gramu. Ikizidi, inaharibu mishipa ya fahamu. Ikimwagika nje ya mshipa, inachoma nyama. Tofauti ya mti na dawa ni hiyo: hospitali inajua ni kiasi gani, mtoto ana uzito gani, na jana alipewa nini. Kikombe cha majani hakina kipimo. Leo majani ni ya mvua, kesho ni ya kiangazi, na mti wa huku si sawa na mti wa ng'ambo ya mto.

Ninyi ni wakulima, mtanielewa. Ukiwa na dawa mbili za nyanya za shambani, moja ya ukungu na moja ya wadudu, unaweza kuzichanganya kwenye bomba moja bila kumuuliza afisa wa kilimo? Wengine mmefanya hivyo, mkaamka kesho yake shamba limeungua. Kila dawa peke yake ilikuwa nzuri. Ndivyo ilivyo mwilini. Dawa nyingi za saratani zinapita kwenye ini, na ini ndilo linalozivunja na kuzitoa. Majani mengi pia yanapita hapo hapo. Yakikutana, ini linaweza kuchelewesha dawa ya hospitali, ikakaa mwilini mpaka ikawa sumu. Au linaweza kuiharakisha, ikatoka kabla ya kufanya kazi. Hata tunda linaweza kuleta shida: balungi linajulikana kwa kubadilisha mwendo wa dawa nyingi. Na ini lenyewe likichoka, daktari analazimika kusimamisha dripu, na uvimbe hausubiri.

Nitasema mambo machache ambayo nimeyaona mara nyingi, na ambayo yanaua mtoto mwenye saratani hata kama kwa mtoto mwingine hayana neno.

Dawa za dripu zinapunguza chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Kwa siku kadhaa baada ya dripu mtoto hana askari. Wakati huo maji ya majani yasiyochemka vizuri, au unga wa mizizi uliokaushwa chini kwenye udongo, unamwingizia vijidudu ambavyo wewe na mimi tungevimaliza bila kujua. Zile chembe za kugandisha damu nazo zinashuka. Kwa hiyo kumchanja chale na kupaka dawa, hata kama ni chale mbili ndogo, kunaweza kuleta damu isiyosimama na kidonda kinachooza. Kukata kilimi au kung'oa jino, vivyo hivyo. Kama jino linauma, mpeleke kwa wale wanaomtibu saratani, waseme wao.

Ile vinkristini inafunga choo. Mtoto anakaa siku nne, tumbo linauma, nyanya anaona huruma, anafanya vile alivyofanyiwa yeye utotoni: anamtia dawa kwa bomba kwa njia ya nyuma. Ama anampa shubiri, ile mnaita alovera, anywe. Bomba linakwaruza ndani, vijidudu vinaingia kwenye damu isiyo na askari, na homa inaanza usiku huo huo. Shubiri nayo inaharisha mpaka maji ya mwili yanakwisha. Na dawa ya kulainisha choo ipo, ni ya kawaida, hospitali wangempa mara moja kama wangeambiwa. Mama hakusema kwa sababu aliona aibu kuzungumza habari za choo na daktari kijana.

Halafu kuna kukandwa tumbo. Hili nalisema polepole. Kuna saratani ya figo ya watoto wadogo, mara nyingi chini ya miaka 5. Mama anamwogesha mtoto, anahisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Anapelekwa kwa mkandaji, anabonyezwa, anasukumwa ili “kirudi mahali pake”. Ule uvimbe una ngozi nyembamba. Ukipasuka ndani, mbegu zake zinamwagika tumbo zima, na ugonjwa ambao ungetolewa kwa upasuaji na kupona unakuwa kitu kingine. Hata wauguzi wanakatazwa kuubonyeza-bonyeza. Mtoto mwenye kitu tumboni hakandwi. Kabisa.

Na homa. Mtoto aliye kwenye matibabu ya saratani, joto likifika 38, hiyo si homa ya kulala nayo mpaka kesho. Usimchemshie muarobaini. Usimpe aspirini. Nenda hospitali usiku huo, hata kwa bodaboda, na mwambie wa kwanza unayemkuta langoni: huyu ana saratani, yuko kwenye dripu. Sema hivyo kabla hujasema jina lake.

Sasa najua mnafikiri huyu sista amekuja kutukataza kila kitu. Hapana. Kuna mengi ya nyumbani yanayomsaidia mtoto, na mengine hospitali haiwezi kuyatoa hata ikitaka.

Tangawizi ni moja. Dawa za saratani zinaleta kichefuchefu kibaya, mtoto anaanza kutapika hata akiona tu lango la hospitali. Watafiti huko India waliwapa watoto na vijana wenye saratani ya mifupa unga wa tangawizi pamoja na dawa za kawaida za kuzuia kutapika, na wakaona kichefuchefu kimepungua. Angalia neno hilo, pamoja. Hawakuondoa dawa ya hospitali. Tangawizi kidogo katika chai au uji haina ubaya, lakini ikiwa ni nyingi kama dawa, mwambie daktari, kwa sababu chembe za kugandisha damu zikiwa chini anaweza kusema ngoja. Kitunguu saumu vivyo hivyo: kwenye mboga ni chakula, lakini vipande kumi vya kutafuna asubuhi ni dawa.

Vidonda vya mdomo vinasumbua sana. Chemsha maji, yapoe, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa lita moja, mtoto asukutue mara kadhaa kwa siku na ateme. Ni kitu kidogo, lakini mtoto asiyesafisha mdomo hali, na asiyekula haongezeki nguvu za kupokea dripu inayofuata. Wengine hupaka asali. Kuna hospitali zilizoijaribu kwa vidonda hivyo ikasaidia, lakini asali ya mzinga ina vijidudu vyake, kwa hiyo uliza kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali hata akiwa mzima.

Chakula kiwe kilichopikwa sasa hivi: uji wa wimbi na maziwa yaliyochemshwa, omena, mayai yaliyoiva, ndengu, maembe yaliyooshwa na kumenywa. Msimnyime nyama au sukari eti saratani inakula sukari. Nimeona watoto wamekonda kwa sababu ya hadithi hiyo kuliko kwa sababu ya ugonjwa.

Na mikono. Mtoto ambaye kila anayemgusa anamchoma sindano, anasahau kwamba mkono wa mtu unaweza kuwa mzuri. Mpake mafuta ya kawaida mgongoni, miguuni, viganjani, polepole, bila kubonyeza mahali penye uvimbe. Mwimbie. Wakati wa sindano mpe kitu cha kufanya: apulize povu la sabuni, ahesabu mbuzi wa baba yake, asimulie hadithi ya sungura. Hii si michezo tu. Imechunguzwa, na watoto wanaoshughulishwa hivyo husema uchungu umepungua. Nyanya anayejua hadithi ishirini ni dawa ambayo haiuzwi popote, na haigombani na vinkristini.

Maombi je? Sisi ni kanisa, hatuwezi kuliruka hilo. Nimesali na watoto wengi, wengine wakiwa na dripu mkononi, na sitaacha. Lakini nimeona pia mama akiambiwa kwenye mkutano wa injili kwamba akirudi hospitali ameonyesha hana imani. Someni habari za mfalme Hezekia katika Wafalme wa Pili, sura ya 20. Aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, na hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalijibiwa na dawa ikawekwa, siku moja, nyumba moja. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo hakumwambia aache kazi. Mpakeni mtoto mafuta kwenye paji la uso, mwekeeni mikono. Kufunga mfunge ninyi wazima. Mtoto mwenye saratani hafungi, hata nusu siku. Na anayemwombea asimpe mafuta anywe.

Mnakumbuka mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, upande wa Tanzania? Mchungaji mstaafu, marehemu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, na Wakenya wengi walikwenda, pengine hata mtu aliyeketi hapa. Sitamhukumu mzee aliyelala. Lakini wagonjwa waliorudi wakaacha dawa zao za ukimwi au za kisukari walizidiwa, na wengine walizikwa. Kikombe kimoja hakikuwadhuru. Kuacha dawa ndiko kulikowadhuru. Ni kile kile cha nyanya na chupa.

Waganga wa miti shamba sio adui zetu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba za asili, na wako wazee wenye hekima. Namjua mmoja, jina namwachia mwenyewe. Akiona mtoto ana taya lililovimba hashiki hata jani. Anasema, huyu si wangu, na mara mbili ametoa nauli yeye mwenyewe. Vikundi vinaweza kukaa na watu kama hao na kukubaliana: taya linalovimba, tumbo lenye kitu kigumu, weupe ndani ya jicho unaong'aa kama jicho la paka, mtoto anayepauka na kutoka damu au kuwa na alama za kuvilia bila kuanguka. Hao waende hospitali wiki hiyo hiyo. Mganga hapotezi kitu, maana mtoto akifia kwake jina linaharibika.

Wale wa kuogopa ni wale wa stendi na sokoni, wenye kipaza sauti, unga mmoja kwa magonjwa 40. Ukimwuliza ni mti gani anasema ni siri ya babu. Unga wa namna hiyo umewahi kukutwa umechanganywa na dawa za kiwandani, zile zinazomnenepesha mgonjwa kwa wiki mbili na kumfanya aonekane amepona. Mtoto mwenye saratani ya damu akipewa hizo kabla ya kupimwa, ugonjwa unajificha, na daktari anaweza kukosa kuuona.

Niseme kidogo juu ya kikundi. Mama akikaa na mtoto Eldoret au Kisumu au Nairobi kwa wiki tatu, nyumbani kuna watoto wengine, kuna ng'ombe, kuna palizi. Wengi hawaachi matibabu kwa sababu ya imani. Wanaacha kwa sababu mahindi yanaliwa na magugu. Kikundi kinaweza kupalilia, kinaweza kutoa nauli ya safari ya pili na ya tatu, maana ya kwanza kila mtu huchanga. Ni ile ya nne ndiyo inakosa watu. Zamu ya merry-go-round inaweza kubadilishwa ili mama huyo apokee kwanza. Na kabla mtu hajaugua, angalieni bima. NHIF ilikwisha mwaka 2024, sasa ni SHA, na wengine bado wanashika ile kadi ya zamani wakidhani inafanya kazi. Watoto waandikishwe chini ya mzazi, na vyeti vyao vya kuzaliwa viwe tayari.

Na si kila mtoto atapona, hata tukifanya yote. Daktari akisema dawa za kuponya zimefika mwisho, hapo msiulize tu nani ana mti wa mwisho. Ulizeni hospisi. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na sasa huduma hiyo iko miji mingine pia. Kuna mofini ya kunywa ya kuondoa uchungu, na mtoto anaweza kukaa nyumbani kwao, akiwa na mbuzi wake na nyanya yake. Wakati huo mambo mengi niliyokataza yanalegezwa, lakini bado ulizeni.

Kuna mama hapa mbele ameinua mkono. Anauliza, nikimwambia daktari kuhusu majani na akanigombeza kama wewe ulivyofanya, nifanye nini? Swali zuri, na linaniuma. Nenda kwa mwingine. Katika kila wodi kuna sista mmoja mwenye masikio, mtafute huyo. Usiende na mdomo mtupu, nenda na daftari. Umeandika siku, jina la jani kwa lugha ya kwenu, umempa vijiko vingapi, alifanyaje baadaye. Chukua na tawi lenyewe lenye majani, kwa sababu jina moja la kienyeji linaweza kuwa la miti mitatu. Ukishaweka daftari mezani ni vigumu mtu kukugombeza. Umekuja kama mtu wa kazi.

Nimekuja na madaftari 12 kwenye mfuko huu, moja kwa kila kikundi. Mwandishi wa kikundi aje achukue, kisha bwana wa kuku aingie.